Dereva mlevi: Askari anahitaji sababu gani kabla ya kukamata?

Na Mwandishi Wetu, Masasi

KILA mwaka mabibo yanapoiva katika mashamba ya Masasi na Newala, mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja. Fedha za korosho huanza kuingia mifukoni mwa wakulima, uraka hujaa vilabuni, na bodaboda, magari ya abiria na malori ya mizigo huongezeka barabarani.

Ndicho kipindi ambacho askari wa usalama barabarani huwa na kazi nzito zaidi. Ndicho pia kipindi ambacho swali moja la kisheria huulizwa vijiweni, stendi na katika vituo vya polisi: askari anapaswa kuwa na sababu gani kabla ya kumtia mbaroni dereva kwa tuhuma za kuendesha akiwa amelewa? Je, harufu ya pombe inatosha?

Jibu fupi ni kwamba harufu inatosha kuanzisha uchunguzi. Hata hivyo, ikisimama peke yake ni msingi dhaifu wa kumweka mtu ndani, na haitoshi kabisa kumtia hatiani mahakamani. Kati ya hatua hizo tatu zipo ngazi ambazo askari anatakiwa kuzipanda moja baada ya nyingine. Ngazi hizo ndizo kinga ya dereva asiye na kosa, na ndizo pia silaha ya askari dhidi ya dereva mlevi kweli kweli.

Makosa mawili, si moja

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) inatambua makosa mawili yanayofanana lakini yasiyo sawa.

La kwanza ni kuendesha, kujaribu kuendesha au kuwa na chombo cha moto chini ya uangalizi wako, hali umeathiriwa na pombe au dawa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo hicho. La pili ni kuendesha wakati kiwango cha kilevi mwilini kimezidi kikomo kilichowekwa, ambacho ni miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu.

Kosa la kwanza linatazama hali ya dereva: anayumba, hajui aendako, hawezi kulidhibiti gari. La pili linatazama namba iliyotoka kwenye kipimo. Mtu anaweza kuwa chini ya kikomo na bado akashindwa kuendesha kwa usalama, hasa ikiwa hajazoea pombe au amechanganya na dawa. Mwingine anaweza kutembea wima na kuzungumza vizuri huku damu yake ikiwa imezidi kikomo.

Kwa madereva wa vyombo vya biashara, taarifa za Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu Tanzania zimeonesha kwamba kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri. Shirika hilo hilo linazishauri nchi zisizidishe miligramu 50 kwa madereva wa kawaida na miligramu 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa askari aliye barabarani. Anapomkamata dereva, inampasa ajue ni kosa gani kati ya hayo mawili analolishuku, kwa kuwa ushahidi wa moja si lazima uwe ushahidi wa jingine.

Kushuku si kuthibitisha

Katika mfumo wa sheria ambao Tanzania iliurithi kutoka Uingereza, askari halazimiki kuwa na uthibitisho ndipo akamate. Anachohitaji ni sababu za kuridhisha za kushuku kwamba kosa limetendeka. Marekani wana kipimo chao kinachokaribiana na hicho, ambacho kimeandikwa katika Katiba yao, na ndicho ambacho watazamaji wa filamu hukisikia mara kwa mara.

Ufafanuzi unaotumika sana katika nchi za Jumuiya ya Madola ulitolewa na Baraza la Faragha la Uingereza katika shauri lililotoka Malaysia, ambalo liliripotiwa mwaka 1970. Shauri lenyewe lilihusu ajali ya barabarani: lori lilikuwa limebeba magogo, gogo likaanguka na kulipiga gari jingine, mtu akafariki dunia na waliokuwa ndani ya lori wakakamatwa. Majaji walieleza kwamba shaka ni mwanzo wa upelelezi, ilhali ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani ni mwisho wake. Askari anaweza kushuku jambo ambalo bado hawezi kulithibitisha.

Lakini shaka hiyo lazima iwe na miguu ya kusimamia. Inapimwa kwa kuuliza kama mtu mwingine mwenye akili timamu, akipewa mambo yale yale aliyoyaona askari, naye angeshuku vivyo hivyo. Kauli kwamba dereva ana sura ya ulevi haiwezi kupita mtihani huo. Maelezo kwamba dereva alivuka mstari wa katikati mara tatu, aliposimamishwa alishindwa kuitafuta leseni yake, na kinywa chake kilinuka pombe, yanaupita.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 15, inakataza mtu kukamatwa au kunyimwa uhuru wake isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara ya 13 nayo inakataza mtu anayeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa kwamba ana hatia. Sababu ya kukamata, kwa hiyo, si hisani ya askari.

Kusimamisha, kupima, kukamata

Kosa linalofanywa na watu wengi ni kudhani kwamba kusimamishwa na kukamatwa ni kitu kimoja. Askari wa usalama barabarani aliyevaa sare ana mamlaka ya kusimamisha gari na kuomba leseni au kukagua bima, hata kama hana shaka yoyote juu ya dereva. Huko si kukamatwa.

Hatua ya pili ni kupima pumzi. Hapa sheria ya Tanzania, ambayo imefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1967, inamtaka askari awe na sababu: kwamba anashuku dereva ana kilevi mwilini, kwamba dereva ametenda kosa la barabarani wakati chombo kikiwa katika mwendo, au kwamba kumetokea ajali. Kwa hatua hii harufu ya pombe ni sababu tosha. Vivyo hivyo mwendo wa kuyumbayumba au kupita mahali pasiporuhusiwa.

Hatua ya tatu ndiyo kukamata. Kipimo cha pumzi kikionesha kwamba huenda kikomo kimezidi, shaka ya askari imepata nguvu na anaweza kumchukua dereva kwa ajili ya vipimo zaidi. Dereva anayekataa kupimwa bila sababu ya msingi hajiokoi. Kukataa kwenyewe kunaweza kuwa kosa, na kunampa askari sababu ya ziada ya kumkamata.

Hatua ya nne ni mahakama. Hapo shaka haina nafasi tena. Upande wa mashitaka unatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha mashaka ya msingi. Kesi nyingi za ulevi zinaweza kuanguka hapa, si kwa sababu dereva hakunywa, bali kwa sababu kilichotosha barabarani kilipelekwa mahakamani bila kuongezewa chochote.

Harufu ya mabibo

Kwa wakazi wa uwanda wa Makonde suala la harufu lina utata wake. Uraka hutengenezwa kwa maji ya mabibo, yaani tunda la mkorosho, yaliyoachwa yakachacha. Bibo lililoiva huanza kuchacha lenyewe likikaa chini ya mti kwa muda mfupi, na harufu yake hushika nguo, mikono na magunia.

Mwendesha bodaboda aliyetoka shambani na mzigo wa mabibo, au aliyembeba mama anayekwenda kuuza uraka, anaweza kunuka kilevi bila kuonja hata tone. Kinyume chake, aliyekunywa gongo asubuhi na kutafuna kitu cha kukata harufu anaweza kupita bila kugundulika. Ikumbukwe kuwa gongo hutengenezwa kienyeji bila kipimo cha ukali. Mnywaji hawezi kukadiria kiasi cha kilevi alichoingiza mwilini, kama ambavyo angeweza kwa chupa ya bia yenye lebo.

Ndiyo maana harufu ni mlango na si nyumba. Askari makini huunganisha dalili: jinsi chombo kilivyokuwa kikiendeshwa kabla hajakisimamisha, jinsi dereva alivyoshuka, usemi wake, macho yake, uwezo wake wa kufuata maelekezo rahisi, na kama harufu inatoka kinywani au nguoni. Kila dalili ikisimama peke yake ina maelezo mengine. Macho mekundu yanaweza kuwa ya vumbi au ya usiku usio na usingizi. Dalili nne zikikutana kwa mtu mmoja, maelezo hayo mengine hupungua.

Ukingo wa uwanda nao hausamehe. Masasi imekaa chini, kati ya milima yake ya mawe, na Newala iko juu ukingoni ikitazama bonde la Mto Ruvuma na Msumbiji. Kati ya miji hiyo miwili barabara hupanda na kushuka. Mahali kama hapo, sekunde moja ya kuchelewa kukanyaga breki inaweza kuwa tofauti kati ya kufika na kutofika.

Saa zinazopotea

Kipimo cha pumzi kina kanuni zake. Mtu aliyetoka kunywa muda huo huo huwa na mabaki ya pombe kinywani, ambayo yanaweza kuipandisha namba kuliko hali halisi ya damu. Kwa sababu hiyo, utaratibu unaokubalika kitaalamu ni kusubiri takriban dakika 15 bila dereva kunywa wala kuvuta kitu, ndipo apulize.

Kwa upande mwingine, muda mrefu unaua ushahidi. Kwa wastani mwili huondoa kati ya miligramu 10 na 20 za kilevi katika mililita 100 za damu kwa saa. Tuchukue mfano wa dereva aliyekamatwa katika kijiji cha mbali akiwa na miligramu 95. Ikiwa zitapita saa mbili kabla hajafikishwa hospitali na kutolewa damu, na mwili wake ukapunguza miligramu 15 kwa saa, kipimo kitasoma 65. Aliyekuwa na kosa barabarani ataonekana hana kosa maabara.

Katika wilaya zenye vijiji vilivyotawanyika kama Masasi na Newala, umbali kutoka eneo la tukio hadi kwenye kifaa cha kupimia, au hadi hospitali kama ile ya Mkomaindo mjini Masasi, ni sehemu ya kesi yenyewe. Askari ambaye hakuandika saa aliyomsimamisha dereva, saa aliyompima na saa damu ilipotolewa, amempa wakili wa utetezi kazi nyepesi.

Mahali ambapo kifaa hakipo, kinachobaki ni kosa la kwanza, lile la kushindwa kukimudu chombo. Hapo maelezo ya askari, ya mashahidi na ya daktari kuhusu hali ya dereva ndiyo yanayobeba uzito wote. Neno moja kama "alikuwa amelewa" ni hitimisho. Mahakama inataka kusikia kilichoonekana hadi hitimisho hilo likafikiwa.

Si kila anayeyumba amelewa

Hatari kubwa zaidi ya kukamata kwa haraka si kesi kuanguka, bali mtu kupoteza maisha. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka huongea kwa shida, hutoka jasho, huchanganyikiwa na kuyumba. Aliyetoka kupata kifafa, aliyepatwa na kiharusi na aliyegonga kichwa katika ajali huonekana hivyo hivyo.

Dereva wa bodaboda aliyeanguka na kuumia ndani ya fuvu anaweza kunuka uraka kwa sababu alikunywa kikombe kimoja, lakini kinachomlegeza ni damu inayovujia kwenye ubongo. Akilazwa mahabusu "apoze pombe", huenda asiamke asubuhi. Kwa mtu aliyepata ajali, hospitali hutangulia, maswali ya ulevi yakafuata baadaye.

Majirani walivyokwama

Kenya imetoa funzo ambalo wapangaji wa sera wa Tanzania wanaweza kulitumia. Mwaka 2011 nchi hiyo ilitunga kanuni za kupima pumzi, zikaweka kikomo cha miligramu 0.35 za kilevi katika lita moja ya pumzi. Kuanzia Desemba 2013 vifaa maarufu kwa jina la Alcoblow vikaanza kutumika barabarani nyakati za usiku, na madereva wengi wakafikishwa mahakamani.

Aprili 2017, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilizitengua kanuni hizo. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba sheria mama ya usalama barabarani iliadhibu kushindwa kukimudu gari kwa sababu ya pombe, wakati kanuni ziliadhibu kuvuka namba fulani tu. Kanuni haiwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haikulitaja. Kwa maneno mengine, kifaa kilikuwapo na askari walikuwapo, lakini msingi wa kukamata ulikuwa umejengwa nje ya kiwanja.

Marekani nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1979 kwamba askari hawezi kumsimamisha dereva mmoja mmoja kwa kubahatisha bila shaka yoyote. Mwaka 1990 ikaruhusu vizuizi vya kukagua ulevi ambapo magari yanasimamishwa kwa utaratibu uliopangwa. Mantiki yake ni kwamba utaratibu unaowagusa wote unapunguza nafasi ya askari kumchagua amtakaye. Nchini Tanzania, upimaji wa madereva wa mabasi stendi kabla ya safari unakaribia mantiki hiyo.

Ukishakamatwa

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 (Sura ya 20) inamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa sababu ya kukamatwa kwake. Inakataza matumizi ya nguvu kuliko inavyohitajika. Anayehojiwa ana haki ya kuelezwa kwamba halazimiki kujibu maswali, na ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne tangu kukamatwa, ingawa unaweza kuongezwa kwa utaratibu. Kosa la kuendesha ukiwa umelewa lina dhamana, na ikiwa dhamana haikutolewa kituoni, mtuhumiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo.

Dereva asiyeridhika hashauriwi kubishana barabarani. Anaweza kuuliza kwa heshima anashukiwa kwa kosa gani, akaomba kuoneshwa namba iliyosomeka kwenye kifaa, akakariri saa na mahali, kisha akapeleka malalamiko kwa mkuu wa kituo au mkuu wa polisi wa wilaya. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na wasio na uwezo wanaweza kupata wasaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anayeombwa "kitu kidogo" ili aachiwe, mlango wake ni TAKUKURU.

Gharama ya sababu isiyoelezwa

Wakazi wa Masasi hawahitaji kukumbushwa kuhusu uzito wa jambo hili. Januari 2013 mji huo ulikumbwa na vurugu zilizosababisha vifo na kuchomwa moto kwa majengo na magari. Mkoa wa Mtwara ulikuwa tayari katika joto la mgogoro wa bomba la gesi, lakini taarifa za magazeti ya wakati ule zilihusisha cheche ya Masasi na mvutano kati ya polisi na waendesha bodaboda.

Ulevi haukuwa kiini cha mgogoro huo. Funzo lake, hata hivyo, linahusu kila ukamataji barabarani: pale raia wasipoelewa ni kwa nini mwenzao amechukuliwa, kila mmoja hujaza sababu yake mwenyewe, na sababu ya uvumi huwa mbaya zaidi kuliko ile ya sheria.

Dereva mlevi ni hatari kwa abiria aliyempakia, kwa mtoto anayevuka kwenda shule na kwake mwenyewe. Hakuna anayedai aachwe. Kinachodaiwa ni kwamba askari aweze kusema, kwa sentensi tatu zinazoeleweka, aliona nini, alipima nini na saa ngapi. Akiweza hivyo, dereva mlevi hatakuwa na pa kutorokea mahakamani. Akishindwa, mlevi atarudi barabarani kwa ushindi, na asiyekunywa atakuwa amelala mahabusu kwa sababu ya harufu ya mabibo.